Sijui, Twende Tukaulize

Fulana yangu ya mshauri rika ni ya saizi ya mzee mwenye kitambi. Ndiyo iliyokuwa imebaki siku ya kugawa. Mgongoni imeandikwa "Niulize", na mimi kila ninapoivaa naomba Mungu nisiulizwe. Wiki ijayo wanafunzi wapya wanaripoti chuoni, nami nitaivaa kwa mara ya mwisho, kwa sababu naingia mwaka wa tatu na kazi hii kwetu huachiwa wadogo. Basi acha niandike kabla foleni hazijaanza, maana zikianza sitaandika hata ujumbe wa simu.

Chuo sitakitaja. Kiko Kampala, kina kilima, kina foleni, inatosha.

Mimi ni mtoto wa kambi. Nimekulia Jinja kwenye nyumba za askari, baba akiwa sajenti, na jirani zetu walikuwa Walugbara, Waacholi, Wanyankole, Waganda, Wateso. Mama zetu hawakuelewana kwa lugha za kwao, na sisi watoto tulihitaji lugha ya kugombania mpira. Kiswahili kikatutosha. Jeshini kiliingia tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na hakijatoka. Lakini ukivuka lango tu, kinageuka kuwa lugha ya askari na wezi. Nilipofika Kampala nikajifunza haraka kusema kwa Luganda "maaso awo, ssebo", hapo mbele, bwana, nikitaka taksi, yaani basi dogo la abiria, isimame, kwa sababu ukiomba kushuka kwa Kiswahili, abiria wa pembeni wanakumbatia mikoba yao. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha tena na kutaka kifundishwe kwa lazima shuleni. Kondakta wa taksi hizo habari hazijamfikia.

Nasema haya kwa sababu Kiswahili, nilichokuwa nakificha, ndicho kilichoniingiza kwenye fulana. Hicho pamoja na simu ya katochi.

Mwaka wa kwanza nilikuja chuoni na katochi, ile simu ndogo yenye tochi kichwani na chaji ya wiki nzima. Baba aliamini simu kubwa hununuliwa ili iibiwe. Nasoma takwimu, na kozi yetu ilikuwa na kundi la WhatsApp ambamo mambo yote yaliishi: vyumba, saa, karatasi, hata ugomvi. Mimi niliishi nje ya kundi. Oktoba, jaribio la kwanza la nadharia ya uwezekano likahamishwa kutoka Ijumaa hadi Alhamisi saa mbili asubuhi, na taarifa ikatumwa Jumatano usiku. Ijumaa nikafika na kalamu mbili na rula. Ukumbini nikakuta wafanyakazi wanapanga viti vya sherehe. Mmoja akaniuliza kama mimi ndiye niliyeleta maua.

Jaribio lile lilikuwa na alama 20. Kwetu kazi za muhula ni 40, mtihani wa mwisho ni 60, na kufaulu ni 50. Jaribio la pili nilipata 13, mtihani nikapata 30. Jumlisha mwenyewe. Hata takwimu ina mipaka yake. 43 haigeuki kuwa 50.

Hiyo inaitwa riteki. Vitabuni ni mtihani wa marudio, lakini hapa hakuna anayesema hivyo, na pia maana yake ni pana kuliko mtihani. Unasubiri somo lifundishwe tena mwaka unaofuata, unajisajili upya, unalilipia, unakaa na walio nyuma yako wakikuangalia kama shangazi aliyebanwa kwenye dawati la chekechea. Haya niliyajua baadaye sana. Wakati ule nilidhani ni kama sekondari, kwamba utaitwa wiki inayofuata ukarudie. Niliisubiri hiyo wiki hadi Aprili.

Nyumbani nilisema matokeo ni mazuri. Masomo manne kati ya matano yalikuwa mazuri kweli, kwa hiyo nikajiambia kwamba kwa hesabu sikudanganya.

Aprili ndipo nikaenda ofisi ya ushauri kuuliza riteki yangu inafanyika lini. Nje ya mlango palikuwa na tangazo: wanatafutwa washauri rika kwa mwaka ujao. Rafiki yangu tunayelala chumba kimoja alikuwa amenisindikiza, akachukua fomu mbili, akajaza zote, yake na yangu. Yeye hakuitwa hata kwenye usaili, na jambo hilo bado linatajwa chumbani kila tunapogombana kuhusu zamu ya kuchota maji.

Usaili ulikuwa na watu watatu. Wakaniuliza kwa nini nataka kusaidia wenzangu, nikajibu kwamba napenda watu. Si kweli. Napenda baadhi. Wakauliza najua lugha gani, nikataja Kiingereza, Luganda, Lusoga, na mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini kama anayekiri kosa, Kiswahili. Yule mama mshauri aliyekuwa katikati akainua kichwa, akaandika kitu. Orodha ilipotoka, jina langu halikuwamo.

Julai simu ikaita. Mmoja wa waliochaguliwa alikuwa amejitoa. Nilikuja kuambiwa kwamba aliuliza mshahara ni kiasi gani, wakamjibu kwamba kuna fulana. Je, ningependa nafasi yake? Nilikuwa nimekaa nje na mama tukichambua maharagwe. Nikasema ndiyo kabla sijauliza fulana ni ya saizi gani.

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kwenye chumba chenye feni inayozunguka kwa hiari yake. Siku ya kwanza ilikuwa ya maneno ukutani: huruma, kusikiliza, mipaka, uadilifu. Nilisinzia kidogo baada ya matoke na mchuzi wa njugu, na sijutii. Siku ya pili yule mama mshauri, ambaye wote tulimwita Madam kama anavyoitwa kila mwanamke mwenye ofisi Uganda, alikuja bila karatasi. Alivua saa ya mkononi akaiweka mezani. Akanikalisha mbele ya wote, na msichana mmoja akajifanya mwanafunzi aliyefiwa na mama yake. Msichana akasema sentensi moja akanyamaza. Mimi nikaanza: pole sana, Mungu anajua, mama amepumzika, wewe jikaze na masomo.

Madam akainua saa. "Sekunde mbili," akasema. "Umemwachia sekunde mbili."

Tukarudia. Nne. Tukarudia. Nilipofikisha kumi na moja jasho lilikuwa linanishuka mgongoni, na yule msichana, ambaye mama yake ni mzima na anauza nguo soko la Owino, akaanza kulia kweli.

Kisha zikaja kanuni. Usikopeshe pesa, usipokee pesa. Usimpokee mwanafunzi chumbani ukafunga mlango. Unachoambiwa ni siri, isipokuwa mambo matatu: anayetaka kujidhuru, anayetaka kumdhuru mwenzake, na mtoto anayedhulumiwa. Hayo unayapeleka kwa Madam siku hiyohiyo, na unamwambia mwenyewe kwamba unayapeleka. "Ninyi si madaktari," alituambia, "wala si wachungaji. Ninyi ni watu wanaojua njia."

Jumapili mchana akatupa karatasi yenye ofisi kumi na mbili, akatutuma tukazitafute wenyewe bila kuuliza mtu. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi. Niligundua kwamba dirisha namba 4 la ofisi ya fedha lilifungwa zamani na kilichobaki ni rangi na namba. Niligundua kwamba muhuri unaohitajika ghorofa ya tatu hupigwa jengo jingine, na mwenye muhuri huenda chai saa nne kamili, harudi saa nne na nusu. Hivi vitu havimo kwenye kitabu cha mwanafunzi. Mwaka mzima nilikuwa nimeteseka nikidhani mimi ndiye mjinga, kumbe hata dirisha lenyewe halipo.

Agosti ikafika na foleni zake. Mwanafunzi mpya Uganda utamjua kwa bahasha ya kaki: matokeo ya UNEB, baraza la mitihani, ya kidato cha nne na cha sita, nakala zake, nakala za nakala, barua ya kukubaliwa, picha ndogo, karatasi ya namba ya malipo iliyokwisha kukunjwa mara nne. Nyuma ya bahasha yupo mzazi. Mama mmoja mwenye gauni la gomesi la zambarau alikuwa ametoka Kamuli usiku, amemshika binti yake mkono kama wanavuka barabara ya magari. Nilimuuliza binti jina, mama akajibu. Nikamuuliza kozi, mama akajibu. Ualimu, akasema, kama mimi mwenyewe. Nikamwomba kwa Lusoga, kwa adabu zote, atununulie maji pale kibandani. Alipogeuka tu, yule binti akasema kwa pumzi moja, "Sitaki ualimu, anayeutaka ni yeye."

Nikamwonyesha ofisi ya kubadilisha kozi na nikamtajia tarehe ya mwisho. Mama akarudi na chupa tatu. Kama binti alikwenda au hakwenda, sijui. Mwaka mzima nimemtafuta kwa macho kwenye mikusanyiko, wala sijakutana naye.

Mwisho wa Septemba akaja kijana ambaye nilimsikia kabla sijamwona, anauliza mlangoni kwa Kiswahili cha Kongo, "Yaya wa Kiswahili iko hapa?" Yaya kwao ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto. Ametokea kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kule Isingiro karibu na mpaka wa Tanzania. Familia yake ilikimbia kutoka Kivu Kaskazini akiwa mdogo, akasoma sekondari kambini, na anasomeshwa na mpango wa DAFI, ule ambao Ujerumani na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, waliuanzisha mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi wanaofika chuo kikuu. Kiswahili chake kina Kifaransa ndani, changu kina amri za jeshi. Tulielewana kwa kukutana katikati.

"Yaya, niko na shida. Mwalimu aliandika kwa karatasi yangu kwamba nimuone."

"Ukaenda?"

"Nilienda."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Nilimuona kwa dirisha. Alikuwa anakula. Nikarudi."

Nilicheka. Nakiri. Sekunde zote kumi na moja za Madam zilipotea pale. Lakini fikiria mwenyewe: mtu ameambiwa aone, ameona, wiki mbili zimepita na karatasi haina alama, na kila akiitazama anaona maneno yaleyale mawili ya Kiingereza kwa wino mwekundu. Nikamuuliza kama anataka niende naye. Tukaenda. Kumbe alikuwa amenakili kurasa mbili za kitabu neno kwa neno bila kutaja kitabu, na mwalimu alimshuku wizi. Kijana akaeleza kwamba alikosoma mwanzo, mwanafunzi mzuri ni yule anayekirudisha kitabu kama kilivyo, bila kukosa hata nukta. Mwalimu akamtazama kitambo, akampa wiki moja aandike upya. Ilichukua dakika kumi na mbili. Alihofia dakika hizo kumi na mbili kwa wiki mbili.

Tangu siku hiyo tukaanzisha daftari la maneno. Kosiwaki ni kazi za muhula. Riteki nimeshaeleza. Kibali cha mtihani ni ile karatasi ambayo bila hiyo hutaingia ukumbini hata kama msimamizi ni mjomba wako. Kisha kuna mwaka mfu. Alilisikia hilo neno kwa wenzake akashtuka, akadhani kuna mtu amekufa na wanafunzi wanafanya siri. Nikamweleza kwamba ni ruhusa ya kusimamisha masomo, unaandika barua, unakubaliwa, unarudi mwakani, hakuna msiba. Akaandika daftarini: *mwaka mfu — haufi*. Maelezo bora kuliko ya kitabu cha kanuni, naona mimi.

Habari zikasambaa. Kufikia Novemba, pamoja naye, walikuwa sita wanaokuja kwa sababu ya lugha: Wakongo wengine wawili, mtoto wa kambi ya jeshi ya Bombo, Msudani Kusini ambaye Kiarabu chake ni kizuri kuliko Kiswahili chake, na msichana wa Mombasa ambaye hakuwa na tatizo lolote, alitamani tu kusikia lugha. Kiswahili chake kilitufanya wote tuogope kufungua midomo. Alinisahihisha mara tatu katika sentensi moja, kwa upole, na bado sijui kosa la tatu lilikuwa lipi.

Hapo nikavimba kichwa, na ndipo nikakosea.

Msichana mmoja wa mwaka wa pili, si wa kundi la Kiswahili, alikuja Desemba, siku moja kabla ya mtihani. Alikuwa na malaria kali, anatetemeka, macho ya njano. Aliniuliza afanye nini. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua njia, aende akatibiwe, alale, apone, kisha alete barua ya daktari na mtihani atapangiwa siku nyingine. Nilikuwa nimemsikia mtu akisema hivyo. Sikuwa nimeuliza. Utaratibu wetu unataka ofisi ya kitivo ijulishwe ndani ya siku chache, na barua ya kliniki ya nje ipigwe muhuri na zahanati ya chuo kwanza. Alipopata nafuu akaja na barua ya kliniki ya mtaani kwao, muda umepita, muhuri hamna. Kwenye orodha akaandikwa hakuhudhuria.

Nilikwenda kwa Madam nikiwa nimeshikilia mlango kana kwamba utanikimbia. Hakunipigia kelele. Alichukua mkoba akasema twende, tukaenda watatu hadi kwa mkuu wa kitivo, tukaandika maelezo, nami nikaandika yangu nikakiri kwamba ushauri mbaya ulitoka kwangu. Kamati ikakaa. Rufaa ikakataliwa. Yule msichana atalirudia somo mwaka huu unaoanza pamoja na wadogo, na kwa jinsi masomo yalivyopangwa, atahitimu nyuma ya wenzake.

Ananisalimia tukikutana. "Habari yako, dada." Vizuri kabisa, bila kinyongo usoni. Afadhali angenitukana.

Baada ya hapo nikaacha kujibu. Mtu akiniuliza tarehe, nasema sijui, twende tukaulize. Akiniuliza ada, sijui, twende. Hata jambo ninalolijua kama jina langu, naenda naye. Mshauri mwenzangu mmoja alinitania kwamba nimegeuka bodaboda, nabeba watu tu. Mwingine alilalamika kwamba navunja sura ya washauri, kwa sababu mtu akisoma "Niulize" mgongoni halafu akajibiwa sijui, anacheka. Acheke. Tukiwa njiani, kati ya jengo moja na jingine, ndipo watu husema kilichowaleta. Ofisini walikuja kuuliza muhuri, na tukifika kwenye ngazi wanasema hawajala tangu jana.

Usiku mmoja wa Machi nikapigiwa simu na kijana wa mwaka wa kwanza kutoka upande wa West Nile. (Ameisoma sehemu hii kabla yenu na amekubali, mradi nisiseme ng'ombe walikuwa wangapi.) Baba yake aliuza ng'ombe, akamtumia ada yote kwa simu ili akalipe benki. Kijana akabeti. Mechi kwanza, halafu ule mchezo wa kindege kinachopaa kwenye skrini na unatakiwa utoe pesa kabla hakijatoweka. Kikatoweka. Alipokuja kuniona kesho yake chini ya mwembe, hakutaka ushauri. Alitaka nimpigie baba yake simu nijifanye mhasibu wa chuo, niseme mtambo wa kompyuta umeharibika na malipo hayaonekani. Baba aliwahi kuwa askari, akasema, anaheshimu mtu wa ofisi akizungumza Kiswahili. "Na sauti yako, dada, ina ukali."

Nikamwambia hilo haliwezekani. Akaniuliza mkopo. Nikasema sijui, twende tukaulize, tukaenda. Mkopo wa serikali upo, ule wa bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, lakini maombi yana msimu wake, na pesa hulipwa moja kwa moja chuoni: ada na gharama za masomo, si chakula, si hosteli. Haujazwi leo ukalipa shimo la jana. Tukarudi chini ya mwembe. Sasa alikuwa ananyamaza, nami nikanyamaza. Sikuwa natazama saa, lakini zilipita zaidi ya sekunde kumi na moja.

Mwisho akatoa simu. Haikuwa na muda wa maongezi. Kanuni inasema usikopeshe, sikumkopesha, nilimpa. Akaweka spika ili asiwe peke yake.

"Baba, habari za huko."

"Nzuri. Umekula?"

Kijana akafumba macho. Niliona kooni kwake kitu kinapanda na kushuka.

"Ndiyo, baba. Nimekula yote."

Upande wa pili kukawa kimya. Jogoo aliwika kule, tukamsikia.

"Yote nini?"

"Ada."

Nilihesabu hadi ishirini nikaacha.

"Mimi," mzee akasema, "nilikuwa nauliza chakula."

Yaliyofuata ni yao. Asubuhi yake nilimpeleka kwa Madam, ambaye ana watu anaowajua kwa mambo ya kamari, na baada ya wiki mbili za barua akachukua mwaka mfu. Yuko nyumbani, anachunga waliobaki. Atarudi.

Lakini jioni ile nilikaa mbele ya kikomando changu, chapati nimeshazikata, maharagwe yanapoa, na sikuweza kula. Nilikuwa nimemkalia mtoto wa watu chini ya mti hadi akamwambia baba yake ukweli, na wa kwangu Jinja bado aliamini masomo matano kati ya matano. Riteki yenyewe nilishairudia muhula uliotangulia, nikapata 71. Hakukuwa tena na kitu cha kuogopa. Ndiyo maana nilikuwa nimeendelea kunyamaza.

Juni nikapanda taksi Old Taxi Park. Tulipofika Najjembe, ndani ya msitu wa Mabira, wauzaji wakaingiza mikono madirishani na vijiti vya kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, nikanunua gonja mbili za kunitia moyo, nikazila zote kabla ya Njeru. Baba alistaafu, siku hizi tunaishi Walukuba, hapohapo Jinja. Nilimkuta ukumbini amefungua redio, vyuma vyake vimetandazwa kwenye gazeti kwa mpangilio, vidogo kushoto, vikubwa kulia.

"Baba, mwaka wa kwanza nilipata riteki."

"Somo gani?"

"Uwezekano."

"Ukarudia?"

"Nikarudia. 71."

Akapuliza vumbi ndani ya redio. "Ripoti imechelewa mwaka mmoja na nusu."

"Ndiyo, afande."

Nikamweleza jaribio lililohama, kundi la WhatsApp, Ijumaa, maua. Alinyamaza muda mrefu, na safari hii sikuhesabu. Halafu akasema bila kuinua macho nimshikie tochi, haoni vizuri huku ndani. Ilikuwa juu ya stuli, ile katochi yangu. Siku hizi anaitumia yeye.